Siku Nilipomketisha Buya Mezani

Juzi mjukuu wangu, yule anayesomea upishi Malindi, alinisogezea simu hadi puani. "Bibi, hebu ona." Nikaona sahani nyeupe pana kama ungo, na katikati yake chakula kidogo cha kumwonjesha mgonjwa. Akanieleza kwamba huko Uhispania kuna jimbo la watu wanaoitwa Wabaski, na watu hupanda ndege kwenda huko kula tu. Samaki wa kwao anapikwa kwa mtindo wa Kijapani, nyama ya kwao inatiwa viungo vya Meksiko, na wateja wanangoja meza kwa miezi. "Mapishi ya kuchanganya, Bibi. Ndiyo mambo ya sasa. Laiti Garsen tungekuwa na mkahawa kama huo!"

Nilicheka hadi nikapaliwa. Mtoto kazaliwa Garsen na hajui kwamba bibi yake alizeekea ndani ya mkahawa kama huo, akibeba sinia tangu hajaolewa mpaka magoti yalipokataa. Basi nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuhudumia wageni, nyinyi wa shati jeupe na kalamu sikioni, nisikilizeni. Chuoni watawafundisha uma huwekwa upande gani. Mimi nitawaambia mengine.

Hoteli ilikuwa ya Bi Rukia. Mabati juu, mabati ubavuni, sakafu ya saruji, mabenchi marefu. Bi Rukia alikuwa mtu wa Kipini, na mpaka anakufa, njaa aliiita ndaa na maji akayaita mai. Siku aliyoniajiri hakuniuliza kama najua kupika. Alinipa jagi na beseni akasema, "Mgeni akiingia, mpe mai ya mikono kwanda. Mtu hagombani huku mikono yamtirika mai."

Mengine nilijifunza kwa macho. Tazama mikono ya mgeni kabla ya uso wake. Mwenye tope kwenye kucha ametoka shambani, huyo usimletee chapati mbili na tabasamu, mletee ugali. Mfugaji akiingia huegemeza fimbo yake ukutani. Usiiguse, lakini jua ni ya nani. Watu wa basi wape chai ya moto kabisa, la sivyo watakula mbio halafu watapike njiani na kulaumu chakula chako. Na usimpitie nyuma mtu aliyetoka kugombana. Pita mbele, akuone, uweke sahani huku anakutazama.

Sikuzaliwa nayajua hayo. Wiki yangu ya kwanza nilimwagia mzee mmoja wa Kiorma mchuzi wa kambare juu ya wali wake. Mimi Mpokomo, nimekua na kambare, nilidhani nampendelea, sikujua kwamba wafugaji hawa samaki hawamgusi. Mzee akanusa.

"Hii mchuzi ya nini?"

"Ya mto, mzee," nikajibu.

Hoteli nzima iliangua kicheko. Mzee alitoka nje akasukutua kinywa mpaka jagi likakauka. Bi Rukia alinituma nimfuate na kikombe cha maziwa. Aliyanywa bila kunitazama. Kesho yake akarudi, akaketi palepale. "Leo mto yako usinipe," akasema. Akawa mteja wetu hadi uzee ulipomweka nyumbani.

Maziwa hayo yaliletwa na Halako. Huyu ni mama wa Kiorma, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na nilimpenda kabla sijajua kwamba nampenda. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa jikoni na vibuyu vyake. Na ndizi za kupika zililetwa na Buya, mtoto wa kaka yangu, ambaye mama yake alipofariki nilimlea mimi. Shamba lake liko kando ya mto, na mikungu aliileta kwa mtumbwi. Halako alikuwa akimtania kwamba ndizi ni chakula cha nyani. Buya akimjibu kwamba nyani hawajawahi kulala njaa kwa kungoja ng'ombe azae.

Siku moja Halako alikuja na nyirinyiri. Hiyo ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, ikazamishwa kwenye samli ili mtu asafiri nayo wiki nzima porini. Alitaka kubadilishana na mkungu wa ndizi. Bi Rukia alikuwa na ndizi motoni, tui la nazi linachemka na bizari na hiliki kama wanavyopika kwao. Akachota nyirinyiri kwa upawa, akaitupa ndani ya sufuria pamoja na samli yake. Tulionja watatu kwa kijiko kimoja. Halako alifumba macho.

"Hii si chakula yetu," akasema.

"Wala yetu," akasema Bi Rukia.

"Yetu pia siyo," nikasema mimi.

"Basi tuuze," Bi Rukia akakata shauri.

Ikawa ndiyo sifa ya hoteli. Madereva wa malori ya Lamu walipiga simu kutoka Tarasaa ili wawekewe. Mpokomo alikula akisema ni ndizi zake zilizotiwa nyama, Mworma akala akisema ni nyama yake iliyotiwa ndizi. Kila mmoja aliona mwenzake ndiye mgeni ndani ya sufuria. Hilo halikutusumbua.

Sasa niwaambie siku ya mafuriko, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi.

Mto ulikuwa umetoka kitandani mwake. Barabara ya Hola ilikatika, ya Malindi ikakatika, na basi moja la kwenda Lamu likakwama hapa mjini na abiria wake wote. Huko mashambani ng'ombe walikimbia maji wakapanda mahali palipoinuka, na palipoinuka ndipo mahindi na migomba ya Buya ilipokuwa imebaki. Aliyekuwa na ng'ombe hao ni Galgalo, kitindamimba wa Halako. Wakagombana. Buya akainua panga. Galgalo akapelekwa hospitali kwa boti, mkono wa kulia umefungwa shuka nzima na damu bado inapita.

Buya akapotea. Habari zilitufikia kwa vipande, kila mtu na kipande chake. Lakini jina lilikuwa limeenea kwenye vijiji vya wafugaji kuliko maji yenyewe. Buya, Buya, Buya.

Siku ya tatu, karibu adhuhuri, mvua inapiga mabati, hoteli imejaa. Abiria wa basi wanakaa kila benchi. Meza ya ndani, karibu na ukuta, ameketi Barisa na wenzake wanne. Barisa ni mtoto wa kwanza wa Halako. Maisha yake yote yuko na ng'ombe huko mbali, upande wa nyika, na mjini huja mara chache. Walikuwa wakimngoja Halako arudi kutoka hospitali. Hawakuwa wanaongea. Fimbo tano ukutani, na chini ya benchi nikaona mpini wa panga ndani ya ala.

Kuni zilikuwa zimelowa. Bi Rukia alisema tutapika sufuria moja tu, ndizi na nyirinyiri, na watu watakula wanne au watano kwa sinia, wapende wasipende. Nikaenda mlango wa nyuma kuchukua ndizi za mwisho. Nikamkuta Buya amesimama kwenye mvua na mkungu begani.

"Shangazi," akasema.

Nilimkamata shingoni nikamvuta chini ya mabati. Alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa rangi ya jivu. "Una wazimu? Barisa yuko ndani! Ndugu yake Galgalo!"

"Sijala tangu juzi. Ndizi zilikuwa zinaozea majini, nikasema nikuletee."

"Rudi ulikotoka."

"Aliyenileta amekwenda na mtumbwi. Maji yako kifuani, Shangazi."

Nikamsukuma jikoni. Nilitaka kumfungia kwenye stoo ya makaa. Bi Rukia alimtazama juu mpaka chini, akanitazama mimi.

"Humfichi," akasema kwa sauti ya chini.

"Bi Rukia, watamuua."

"Mtu akipatikana nyuma ya makaa ni mwizi, na mwizi hana wa kumtetea. Yule Barisa amjua kwa sura?"

"Kwa jina tu."

"Basi mkalishe na watu wa basi. Mpe mai ya mikono kama mgeni mwingine."

Nimebeba sinia za moto miaka na miaka, lakini safari ile kutoka mlango wa jikoni hadi benchi la abiria, nikiwa nyuma ya mtoto wangu, ndiyo nzito kuliko zote. Nilimkalisha kwenye meza ya wasafiri wanne, mgongo wake ukutani, ili asikae na mgongo wazi. Nikamwagia maji mikononi. "Tuliza mikono," nikamwambia kwa Kipokomo, kama namwambia karibu mgeni.

Nikaweka sinia. Wakaanza kula. Nikapeleka sinia nyingine kwa Barisa na wenzake. Nilipita mbele, akanitazama, nikaiweka. "Asante, Mama Jilo," akasema. Hakuigusa.

Kwenye meza ya Buya kulikuwa na mfanyabiashara mnene wa kwenda Mpeketoni, mtu mcheshi, wale wanaofanya urafiki na kila mtu safarini. Chakula kilimkolea. Akamgonga Buya begani, akasema kwa sauti ya kushinda mvua, "Kijana, unakula kama mkulima! Hebu tujuane. Jina lako nani?"

Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe. Niliiachia.

Vikombe vyote vya Bi Rukia vya kaure vilipasuka kwenye saruji. Watu wakaruka. Mfanyabiashara akainua miguu. "Pole, Mama! Pole!" Akainama kunisaidia kuokota, akasahau swali lake. Chini ya meza macho yangu yalikutana na ya Buya, na nikamwashiria kwa kichwa: kula.

Bado nimepiga magoti na vigae mkononi, mlango wa mbele ukajaa kivuli. Halako. Nguo zimemgandama mwilini, miguu ina tope hadi magotini.

Barisa akasimama. "Ayo," akaita, ndiyo mama kwa lugha yao.

"Yuko hai," Halako akasema. "Mkono umebaki. Vidole viwili vimekwenda."

Wale wanaume watano walishusha pumzi kwa pamoja. Halako akavuta mtandio uliolowa kichwani, akageuka atafute pa kukaa. Akamwona Buya.

Alimtazama tu. Mimi niko chini, naona miguu ya kila mtu na uso wa mmoja tu. Nilimwona akitazama mkono wa Buya uliokuwa njiani kwenda kinywani, na mkono ule ukasimama. Nilitaka kusema, "Halako, karibu, njoo jikoni ujikaushe."

Halako akaniangalia mimi, na vigae vyangu. "Ndizi ya leo ameleta nani?"

"Unajua," nikamjibu.

"Na nyama ni yangu." Akavuta pumzi. Kisha akasema kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, ili hata mtu wa basi asikie: "Barisa. Aliyekata ndugu yako ni huyu, amekaa pale ukutani."

Mfanyabiashara aliteleza kando kama aliyekalia moto. Wanaume watano wakasimama, na benchi lao likaanguka. Sijui nilinyanyukaje. Najua kwamba nilijikuta kati ya meza mbili, jagi la maji mkononi, na Barisa ameshika fimbo mbele yangu.

"Toka, Mama Jilo."

"Sitoki."

"Nasema toka."

"Huyu nimemlea. Utanipitia."

Halako akasema nyuma yake, bila kupandisha sauti, "Nimekuambia mimi, mbele ya watu. Ungeambiwa na mwingine, njiani, ukiwa peke yako na yeye peke yake, leo ningekuwa na mtoto hospitali na mwingine jela. Hapa kuna watu. Hapa kuna chakula yangu, na huyu amekula. Hapa huwezi, Barisa."

Nikasikia Buya anasimama nyuma yangu. Nikamkanyaga mguu akae, hakukaa.

"Ni mimi," akasema. "Sitakataa."

Barisa akamtazama juu ya kichwa changu. Alikuwa mrefu, na pumzi yake ilinifikia kwenye paji la uso. "Ulikuwa unakata ng'ombe, ama unakata mtu?"

"Ng'ombe. Alikuwa anatafuna mgomba wa mwisho. Galgalo akaingia katikati."

"Yeye kila mara anaingia katikati," Barisa akasema. Sauti ilimkatika hapo, na nikaona kwamba alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Mmoja wa wenzake akainama kuchukua kitu chini ya benchi. Barisa akamzuia kwa mkono bila kugeuka. "Maji ikishuka, wewe utakuja kwa wazee. Na miguu yako. Asitumwe mtu kukutafuta."

"Nitakuja."

"Mimi nitamleta," nikasema.

Barisa akatoka nje akasimama kwenye mvua, na wenzake wakamfuata. Sinia yao ilibaki mezani haijaguswa, samli inaganda. Buya akakaa chini, akalaza uso juu ya meza, akalia mbele ya abiria wote. Hakuna aliyecheka.

Halako aliketi kwenye meza ya Barisa, peke yake, mbele ya ile sinia ya watu watano. Nikamletea maji ya mikono. Nilipomwagia akasema, "Ulivunja vikombe."

"Nilivunja."

"Ulimweka nyuma ya watu ukasema Halako hana macho."

"Sikujua utakuja saa ile."

"Ungejua, ungefanya nini?"

"Ningevunja na sahani."

Hakucheka. Alikula kidogo, akanawa, akaondoka. Kwa miezi mingi baada ya hapo aliendelea kuleta maziwa, lakini aliyaweka mlangoni na kuniambia hesabu tu. Msidhani watu hurudiana kama mlango na fremu. Buya alikwenda kwa wazee, nami nikamsindikiza. Walikaa zaidi ya mara moja, walizozana, na mwisho alitimiza alichoamriwa. Barisa hakuja tena kwetu.

Galgalo alikuja. Ilikuwa kiangazi, hoteli ina wateja kiasi. Aliingia akaketi pembeni, mkono wa kulia ndani ya kanzu, na hakuagiza kitu. Nilipomletea jagi alitikisa kichwa. Nikaelewa. Kwa mkono wa kushoto hawezi kula mbele ya watu, ni aibu kwake na kwa dini yake. Na mkono wa kulia umebaki na vidole vitatu ambavyo havijakubaliana. Kumpa kijiko yeye peke yake kungekuwa kumtangaza.

Nikarudi jikoni. Nikachukua vijiko vyote vya hoteli, nikachana kitambaa cha zamani, nikazungushia mipini hadi ikanenepa kama mahindi machanga. Nikapita meza kwa meza nikiweka kijiko mbele ya kila mtu.

"Mama Jilo, vijiko vimevaa sweta?" dereva mmoja akauliza.

"Vinasikia baridi. Kula."

Watu wakalalamika, wakacheka, wakala. Nikamwekea Galgalo sahani ya ndizi na nyirinyiri, na kijiko kama cha wenzake. Nikaenda kufuta meza nyingine, ambayo ilikuwa safi. Muda ukapita. Mkono ukatoka kwenye kanzu. Kijiko kilianguka mara ya kwanza. Mara ya pili kilishika.

Wakati huohuo Buya akatokea mlango wa jikoni na mkungu begani. Aliona, akasimama hapohapo, hakuingia wala hakurudi. Galgalo naye alimwona. Kijiko kilisimama njiani. Nilishika kitambaa changu nikasubiri, na moyo ukarudi palepale ulipokuwa siku ya vikombe.

Galgalo akatia kijiko kinywani. Akatafuna polepole, akitazama mkungu ule. Akameza.

"Mama Jilo," akaita, kwa uso wa mteja aliyekasirika. "Hii ndizi chumvi iko kidogo."

Nikaenda kumletea chumvi.